Kabuti ya baba yageuka mtu usiku

SWALI: Yaya, niko Goma, Ndosho. Kuran (umeme) ikikatika usiku naona mtu amesimama nyuma ya mlango, ana kichwa, ana mabega, nikiwasha telefone kumbe ni kabuti ya baba kwenye musumari. Juma hili mara tatu! Mama anasema ni mapepo. Ao macho yangu ni mabovu?

JIBU: Mdogo wangu, ubongo ndio ulikimbilia kujibu. Gizani jicho linaleta habari kidogo sana, chembe za jicho za kuona rangi zinalala, zinabaki zile za kuonea giza nazo hazijui kuchora vizuri, tena pale katikati kabisa hazipo, ndiyo maana kitu chenye unakikazia macho gizani ndicho kinapotea. Sasa ubongo unapata kivuli tu chenye urefu wa mtu, na mlangoni anasimamaka nani? Basi unamtoa mtu kwenye kumbukumbu unamsimamisha pale, na wewe unaapa umemuona.

Mchana pia unafanya vile. Chukua kaye (daftari) ya mistari na biki, chora msalaba, halafu kuliani kwake, sentimita 8 hivi, weka nukta nene. Funga jicho la kushoto, kazia msalaba na lile la kulia, kaye iwe karibu sentimita 30 toka usoni, uisogeze polepole mbele na nyuma. Kuko pahali nukta inapotea kabisa, na pale ilikuwa hauoni shimo, unaona mistari ya kaye inapita tu! Ni pale neva, ule mshipa wa kupeleka habari kwenye ubongo, inatokea nyuma ya jicho, hakuna chembe hata moja ya kuonea, Mfaransa Mariotte aligundua hiyo miaka ya 1660, na ubongo unaziba kwa kukopa pembeni. (Mi nilirudia mara kumi, watoto wakafikiri baba amerukwa na akili.)

Mama usibishane naye sana, ubongo wake pia umejaza na chenye anakijua.

Chenye mi ningeogopa ni kingine: presha ya macho. Ile inakula pembeni ya kuona polepole, ubongo unaziba unaziba, mtu hasikii kitu mpaka anaanza kugonga milango. Kama kwenu kuko mzee mwenye alipata, nenda wakupime na wewe. Na ile kabuti, baba aiweke kwenye kabati.