Jibu: Nimetafuta ofisi ya mji wa Nicodemus, jimbo la Kansas, Marekani, siioni. Na kwa nini mji ulidumaa?

Salaam ndugu. Ofisi hiyo hutaiona kwa sababu haipo: Nicodemus haina meya wala halmashauri, iko chini ya kaunti ya Graham. Mimi nilipoteza wiki nzima kabla ya kuling'amua hilo. Kama unatafuta habari za familia, anza na hati za ardhi Hill City, makao makuu ya kaunti, kisha sensa ya 1880. Majina ya familia utayakuta humo.

Watu weusi waliotoka utumwani Kentucky walifika 1877, karibu na mto Solomon wa Kusini. Miti ilikuwa haba, wakachimba nyumba ardhini. Mmoja wa walowezi hao, Willianna Hickman, alipofika 1878 akauliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaofuka kutoka ardhini. Akalia. Hapo huwa nasimama kidogo kila nikisoma.

Kuhusu kudumaa, angalia reli kwanza. Mwaka 1888 reli ya Union Pacific ilipita kusini ya mto, na wenye maduka wakahamia huko, palipokuja kuwa mji wa Bogue. Wengine walibaki, na kila mwisho wa Julai wajukuu zao hurudi kusherehekea. Ukiweza, nenda siku hizo ukaongee na wazee.