Maswali ya Wasomaji: i7 ya Zamani au i5 Iliyoifuata?

Swali: Mimi ni mama mzazi kutoka Ahero. Binti yangu yuko mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Maseno, anasomea takwimu, nami nimemwekea akiba ya shilingi 36,000 za kununulia kipakatalishi. Katika duka moja mjini Kisumu tulionyeshwa vitatu, vyote vya mtumba kutoka Uingereza na vyote vina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8. Cha kwanza kina kibandiko cha Intel Core i7, cha pili Core i5, na cha tatu AMD Ryzen 5. Muuzaji anatuhimiza tuchukue i7 kwa kuwa saba ni kubwa kuliko tano, tena anasema AMD huchemka sana. Binti alinakili nambari kamili: i7-7500U, i5-8250U na Ryzen 5 3500U. Tuchukue kipi?

Jibu: Mama, nampongeza binti yako kwa kunakili nambari hizo, kwani bila hizo nisingekuwa na la kukujibu. Tano na saba za kwenye kibandiko hutaja daraja la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, miongoni mwa wenzake wa kizazi kimoja, wala hazifai kulinganisha vizazi viwili tofauti. Kizazi chenyewe husomwa baada ya kistari: 7500U ni ya kizazi cha saba na ilitoka mwaka 2016, ilhali 8250U ni ya kizazi cha nane na ilitoka mwaka 2017. Mwaka mmoja unaonekana mdogo, lakini huo ndio mwaka ambao Intel iliongeza viini vya prosesa za vipakatalishi vyembamba kutoka viwili hadi vinne. Kiini ndicho kinachofanya kazi yenyewe, mithili ya mpishi mbele ya jiko lake. Kwa hiyo ile i7 mnayosifiwa ina wapishi wawili, na i5 inayodharauliwa ina wanne.

Sitaki kutia chumvi. Programu ya R, ambayo wanafunzi wengi wa takwimu huitumia, kwa kawaida hufanya hesabu zake kwa kiini kimoja, na katika hesabu moja ndogo binti huenda asione tofauti yoyote. Ataiona siku atakapokuwa na mhadhara wa video upande mmoja, kurasa kumi za kivinjari upande wa pili, na R ikikokotoa katikati, kwani hapo prosesa ya viini viwili huanza kukwama na feni ikaanza kulia.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha saba, isipokuwa chache mno, na 7500U haimo katika hizo chache. Windows 10 nayo, masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nikikushauri uchukue i7 hiyo nitakuwa nimekuuzia mashine ambayo mlango wake wa usalama unafungwa kwa kamba, na mtoto ana miaka miwili zaidi ya masomo mbele yake. Fundi anaweza kulazimisha Windows 11 ikaingia, hilo linawezekana, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

Sasa Ryzen. Sifa ya kuchemka ambayo muuzaji anaitaja ilikuwa na msingi zamani, kwa kuwa mwaka 2013 AMD iliuza prosesa ya mezani, FX-9590, iliyokadiriwa wati 220. Ryzen, iliyoanza mwaka 2017, ilibuniwa upya kabisa. Hiyo 3500U, ya mwaka 2019, imekadiriwa wati 15, sawasawa na zile mbili za Intel mlizoonyeshwa, nayo ina viini vinne kama i5, na Windows 11 inaikubali. Grafiki zake za ndani, yaani sehemu ya prosesa inayochora picha za skrini, zina nguvu kuliko za i5, ingawa hukopa RAM ya kompyuta, na kwa hiyo hufanya vizuri zaidi iwapo GB 8 hizo ni vipande viwili vya GB 4 badala ya kipande kimoja.

Kati ya hizi mbili za mwisho, nambari zimekaribiana mno, na uamuzi uwe wa hali ya mashine. Juzi nilifungua kipakatalishi cha jirani hapa Kisumu kilichokuwa kikilalamikiwa kwamba prosesa yake ni dhaifu. Nilipong'oa feni nilikuta vumbi limeshikana kwenye mapezi ya shaba likawa kama kipande cha blanketi, na ule ute wa kupitisha joto ulikuwa umekauka ukawa unga. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Tulisafisha, tukapaka ute mpya, na kompyuta ile ile ikarudia kasi yake. Katika joto letu la mchana huku ziwani, feni safi ina thamani kuliko daraja zima la prosesa.

Kwa hiyo rudini dukani pamoja. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo, mfungue sehemu ya utendaji, na mhakikishe kwamba prosesa iliyoandikwa pale ndiyo iliyotajwa na kwamba viini ni vinne. Kisha binti afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, na alinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa hali za vyote viwili zinalingana, ningechukua Ryzen, kwa sababu mashine yake haiwezi kuwa ya kabla ya 2019. Ikiwa betri ya i5 ndiyo iliyo hai, chukueni i5 bila wasiwasi.

Swali: Naendesha saiba hapa Kondele na nataka kuongeza kompyuta mpya ya mezani ya kuhariri video za harusi na matanga. Fundi amenipa chaguo mbili zenye bei inayokaribiana, Core i5-12400F na Ryzen 5 5600G. Sitanunua kadi ya grafiki kwa sasa. Stima hapa hupotea mara kwa mara.

Jibu: Ndugu yangu, ile herufi F ndiyo inayotoa jibu la kwanza. Prosesa ya Intel yenye F haina grafiki za ndani, na bila kadi skrini yako itabaki nyeusi hata kama kila kitu kimefungwa sawasawa. Mwambie fundi akutafutie 12400 tupu, isiyo na F.

Baada ya hapo mashindano yanakuwa ya haki, kwani zote zina viini sita na nyuzi kumi na mbili (kila kiini hushika kazi mbili kwa pamoja), na zote zimekadiriwa wati 65, ingawa 12400 ikikazana inaweza kuvuta hadi 117. Ungekuwa wataka wateja wacheze michezo, ningesema 5600G papo hapo. Kwa video naegemea 12400, kwa kuwa Intel ina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video ndani ya prosesa tangu mwaka 2011, na programu nyingi za kuhariri zimezoea kuitumia. Weka RAM ya GB 16, vipande viwili. Akikushawishi upande hadi i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, hakikisha BIOS ya bodi kuu, yaani programu inayoiwasha kompyuta, imesasishwa: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikiomba volti nyingi mno, ikatoa masasisho na kuongeza udhamini kwa miaka 2. Yako ya kizazi cha 12 haimo.

Kuhusu stima, hakuna prosesa itakayokusaidia. Nunua UPS, yaani betri ya dharura ya kompyuta, hata ya dakika kumi tu za kuhifadhi kazi.

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kakamega. Je, kipakatalishi kipya chenye Celeron N4020 kinanitosha, au nitafute i5 ya mtumba?

Jibu: Mwalimu, N4020 ina viini viwili tu na ilikusudiwa kazi nyepesi. Kuandika maazimio ya kazi na kuonyesha picha darasani itaweza, polepole. Kinachonitia hofu ni hifadhi: vipakatalishi vingi vya daraja hilo huja na GB 64 zilizochomelewa kwenye bodi, na zikijaa Windows hukosa nafasi ya kujisasisha. Ukipata i5 ya kizazi cha nane yenye SSD (hifadhi ya kasi) ya GB 256 na betri inayoshika chaji kwa bei hiyo hiyo, chukua hiyo ya mtumba.