Kumpeleka mama kwenye ngome za Mto Rhine

Ndugu muulizaji, nimeelewa kuwa mama yako anakutembelea Frankfurt, magoti yanamsumbua, na mna siku moja tu ya kuona ngome za Mto Rhine kwa boti.

Msijaribu njia yote hadi mji wa Koblenz. Pandeni mji wa Bingen na mshuke mji wa St. Goar, safari ya muda usiofika saa mbili kwa kuwa boti inafuata mkondo, na humo ndimo ulimo uzuri wenyewe: kijiji cha Bacharach chenye nyumba za mbao, ngome ya Pfalzgrafenstein iliyojengwa katikati ya mto mbele ya mji wa Kaub ili kutoza ushuru wa vyombo, kisha mwamba wa Loreley wenye urefu wa mita 132. Nilipompeleka mzazi wangu, alitazama yote akiwa ameketi, nami nikashukuru kwamba sikumpandisha ngome yoyote, maana njia zake ni mawe na ngazi.

Kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja, vivuko tu. Kwa hiyo hakikisheni treni ya kurudi inapita ukingo mliposhukia.

Boti nyingi husafiri Aprili hadi Oktoba, na kiangazi kikavu kina cha maji hupungua hadi ratiba zikabadilika, basi ulizeni siku moja kabla. Iwapo mguu wa mama umevimba na kuuma baada ya ndege, aonwe na daktari mara moja, boti isubiri.