W na Y, nusu aje?

SWALI: Sasa mhariri. Binti yangu wa gredi 5 amerudi na insha imejaa kalamu nyekundu juu ameandika "nimesikiya" na "kuuwa". Kumuuliza mbona, akaniambia, "Mum, si ndivyo inasikika?" Nikajaribu kusema polepole na kweli kuna ka-y kamejificha pale. Mwalimu naye anasema w na y ni nusu irabu. Nusu aje sasa?
Mama Shiku, Kayole

JIBU: Mama Shiku, huyo mtoto ana masikio kushinda wengi wetu, mwambie nimesema. Hebu sema i, uivute kama mtu anaumwa na jino, iiii, ulimi umepanda karibu uguse kaakaa gumu, sasa kutoka hapo kimbilia a bila kusimama, umesema ya! Anzia u, midomo imeviringa na nyuma ya ulimi imeinuka kuelekea kaakaa laini, kimbilia a tena, hiyo ni wa. Hewa haizibwi wala haikwaruzi kama kwa s ama f, ndio zinafanana na irabu, lakini hazibebi silabi na hapo ndipo zinahesabiwa kwa konsonanti. Wengine huziita viyeyusho. Piga makofi: u-a mawili, wa moja.

Sasa ukisema "nimesikia" ulimi lazima upite njia hiyohiyo kutoka i kwenda a, ka-y kanatokea kenyewe, ila i na a bado ni silabi mbili kwa hivyo hakaandikwi. Kuna mahali lugha yenyewe imekubali: mu-ana imekuwa mwana, vi-ombo vyombo, ku-enda kwenda (ingawa sisi wa Nairobi tunaandika kuenda bila aibu). Si kila mahali lakini, viatu vimebaki viatu, hakuna mtu anauza vyatu Gikomba. Na ile y ya nyama usiihesabu, ny ni herufi mbili za sauti moja.

Kama una jirani alisoma madrasa pale Pumwani, muulize herufi za Kiarabu wau na ye. Wau inaandika w na pia u ndefu, ye inaandika y na pia i ndefu, yaani undugu huu Waarabu waliuona kitambo.

Binti atoe w kwa kuuwa, ibaki kuua, lakini akiandika kuuawa aiache, hiyo ni ya kutendwa na iko pale kihalali.