Cheni inagonga na mzee hataki kusimama

SWALI: Anko, mimi na mume wangu tunarudi Kampala na pikipiki kutoka Cape Town, miezi mitatu sasa, leo tumelala Bukoba. Cheni inagonga chuma kila akiongeza mwendo na yeye anataka tuunganishe usiku kwa usiku, eti ananusa matooke ya nyumbani. Tangu jana hatuongei. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwanangu, uchovu wa mwisho ndio huo, mtu ananuniwa hata kwa kukohoa. Cheni kwanza. Pikipiki ikiwa imezimwa ibonyeze katikati kwa kidole, nyingi zinataka icheze sentimita 3 hivi, na ukiivuta pale nyuma kwenye sproketi, lile gurudumu la meno, ikaachia meno basi hiyo imekwisha, msikaze, badilisheni hapo hapo Bukoba. Usiku hapana bana! Ukishavuka mpaka wa Mutukula kuna malori yameharibika katikati ya njia bila taa, na ng'ombe. Laleni Masaka, asubuhi simameni Kayabwe kwenye mstari wa ikweta mpige picha, mle na rolex ya moto, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Mzee muache anune, akishiba ataongea mwenyewe.