Gobore halilengi, niongeze baruti?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Urambo, nina gobore la fataki nililorithi kwa babu, leseni ipo na polisi nilishabadilisha jina. Nguruwe pori wananimalizia mahindi, afisa wanyamapori ana taarifa zangu. Shida ni kwamba halilengi. Nikiweka debe hatua sitini, katika mapigo matano napata moja. Gololi nayeyusha mwenyewe, zinateremka zenyewe mpaka chini hata sishindilii. Jirani ananiambia nizidishe baruti mara mbili, au nichanganye na ile inayotoka kwenye risasi za shotigani, eti ndo itanyooka. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usifanye. Na kama ulishachanganya hata kidogo kwa kujaribu, hiyo baruti imwagie maji uifukie, usiipige.

Sasa umeniandikia maneno mengi ila jibu lako limo kwenye neno moja tu, "zinateremka zenyewe". Gololi inayoshuka yenyewe ina nafasi pembeni, na baruti ikiwaka moshi unapita kwenye hiyo nafasi na gololi inagonga ukuta wa kushoto, inagonga wa kulia, inaenda hivyo hivyo mpaka mdomoni, na pale inapotoka inafuata mwelekeo wa mgongano wa mwisho. Alafu inatoka inajizungusha ovyo, leo hivi kesho vile, na huko kuzunguka kunaipinda hewani. Hilo lilishaonyeshwa zamani sana, Mwingereza mmoja Benjamin Robins miaka ya 1740 alichukua mtutu akaupinda kidogo kuelekea kushoto, akapiga, watu wanategemea gololi iende kushoto, ikaanza kushoto kweli lakini mbele ya safari ikakata kona ikaenda kulia, kwa sababu ilikuwa imejiviringisha kwenye ukuta wa kulia ndani ya mtutu. Sasa niambie, hapo baruti mara mbili inasaidia nini? Unaigonga ukutani kwa nguvu zaidi tu.

Na usidhani gobore la babu lina mkosi. Bunduki za jeshi la Uingereza za karne ya 18 mtutu ulikuwa kama milimita 19 na gololi kama 17 na nusu, yaani waliacha nafasi kusudi, maana askari alitakiwa kupiga hata mara tatu kwa dakika huku mtutu umejaa masizi. Walikuwa wanapiga mstari mzima wa watu, siyo nguruwe mmoja kwenye mahindi. Wewe huna haraka yao, kwa hiyo usishindilie kama wao.

Pima mdomo wa mtutu kwa vernia, kile chombo cha mafundi cha kupimia upana, usikadirie kwa kidole. Gololi iwe ndogo kuliko mtutu kwa nusu milimita hivi mpaka robo tatu, na hiyo nafasi iliyobaki ijazwe na kitambaa cha pamba kilichosukwa vizuri, cha shuka nzito, siyo nailoni maana nailoni inayeyuka ndani. Kitambaa kipake mafuta. Hapa watu wa Tabora tumebarikiwa, nta ya nyuki ya Sikonge iko tele, iyeyushe na mafuta ya kondoo upate kitu laini kama samli iliyoganda, basi. Grisi ya gari achana nayo, inafanya masizi yawe kama lami. Gololi ikiwa na kitambaa inabidi uisukume kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, ishuke kwa kubana lakini bila kupigwa nyundo. Kale kamkia kanakobaki kwenye gololi ulipomiminia kakate, na kovu lake lielekee juu katikati. Na zipime gololi zako kwenye mzani mdogo wa dhahabu, iliyo nyepesi kuliko wenzake ina tundu ndani, irudishe kwenye chungu. Madini ya risasi yawe laini, safi, na uyayeyushie nje kwenye upepo. Sahani za betri ya gari usiyeyushe hata mara moja, moshi wake ni sumu, na sufuria uliyoyeyushia isirudi jikoni.

Baruti iwe nyeusi halali, ipimwe kwa kipimo kilekile kila siku, kikombe kidogo cha shaba au pembe uliyoikata, usawazishe juu. Kiasi gani sikwambii kwa sababu mtutu wako sijauona, na mtu anayekupa kipimo bila kuuona mtutu usimsikilize. Usimimine kutoka kwenye chupa moja kwa moja kwenye mtutu, ikibaki cheche ndani moto unapanda mpaka kwenye chupa iliyo mkononi mwako. Kila ukipiga pitisha kitambaa chenye unyevu alafu kikavu ndo ushindilie tena. Mtutu wenye masizi pigo la tano si mtutu ule wa pigo la kwanza, hata ulenge vipi.

Kulenga kwenyewe: shavu likae palepale kwenye kitako kila mara, maana mengi ya haya magobore nyuma hayana kidude cha kulengea, jicho lako ndo hicho kidude. Na usiinue kichwa kuchungulia, baki umelenga mpaka moshi uondoke. Ukifanya hayo yote hatua sitini utapiga sahani ya wali. Hatua mia ni bahati, kwa hiyo mnyama wa hatua mia mwache.

Narudi kwa jirani yako, na hapa ndo roho inaniuma kwa sababu hili naletewa kila msimu wa mahindi. Kwanza kuzidisha baruti nyeusi: ikipita kiasi fulani inayobaki inatoka mdomoni na kuwakia nje, unapata mwanga mkubwa, moshi mkubwa na bega bovu, alafu unaanza kuogopa kishindo, unafumba macho, shabaha inakufa kabisa. Lakini ile ya kwenye risasi za kisasa ni kitu kingine, siyo baruti "kali kidogo". Kipimo kilekile cha kikombe kina nguvu nyingi mno, na kadri inavyobanwa ndivyo presha inavyopanda, na mtutu wa babu ni chuma laini cha kuhimili baruti nyeusi tu. Watu wananijibu "mbona fundi nilipiga mara tatu halikupasuka?" Hilo ndo linalonichosha kuliko yote! Chuma hakipasuki siku unayokiumiza. Mara ya kwanza kinavimba unywele usiouona, mara ya pili kinapata ufa ndani, mara ya nne au ya kumi kinaachia, na kinaachia pale mkono wa kushoto unaposhika. Nimewahi kuletewa mtutu uliofunguka kama ganda la ndizi, aliyeuleta alikuwa mdogo wake mwenye gobore, mwenyewe alikuwa wodini vidole vitatu hana. Aliambiwa na mtu, naye yule mtu aliambiwa na mtu.

Ndo hao hao wanaowauzia dawa ya kufunga kwenye kitako ili lisikose, na unga wa viberiti badala ya baruti, na misumari na vipande vya nondo badala ya gololi. Msumari haunyooki hewani na unachana mtutu. Kuna na haya magobore ya kuundwa kwa mabomba ya maji na stelingi rodi za gari, hayo sigusi hata uniletee na pesa mkononi. Bomba lina mshono, limetengenezwa kwa ajili ya maji, alafu halina kibali, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haichezi na hilo. Ukiwa nalo lisalimishe kituo cha polisi.

Na baruti isilale chumbani na watoto wala karibu na jiko. Sisi wa Unyanyembe, hapa Tabora, tunajua inachofanya, Januari 1893 Wajerumani walipoingia kwenye boma la Mtemi Isike, mtawala wetu, alijilipua humo kwenye ghala la baruti ili wasimkamate.

Lako lilete nilione, uje na leseni na kibali chako cha kulisafirisha. Ila kabla hujaligusa kwa lolote hakikisha halina kitu, maana magobore ya kurithi mengi yanakuja kwangu yameshindiliwa tangu marehemu yuko hai. Toa fataki, yaani kale kakofia ka kuwashia baruti, elekeza mdomo pembeni usikae mbele yake, ingiza mdeki mpaka uishie, weka kidole pale mdomoni, alafu utoe uupimie kwa nje ya mtutu. Ukifika mpaka usawa wa fataki ni tupu. Ukiishia juu ya hapo vidole viwili au vitatu, kuna baruti na gololi humo ndani. Basi usilichokonoe, usilisogeze karibu na moto, mimina maji kwenye mdomo yajae, liache usiku mzima, alafu nipigie nije mwenyewe Urambo.