Nilivyorudishiwa amana ya nyumba Nairobi

Nilipohama nyumba niliyokuwa nimepanga mtaani Umoja, Nairobi, nilikuwa nikimdai mwenye nyumba shilingi 17,000, yaani 15,000 za amana ya kodi na 2,000 za amana ya maji. Nilikuwa nimetoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, nimelipa kodi hadi siku ya mwisho na kupiga deki hadi nyuma ya jiko. Hata hivyo, msimamizi wa ploti aliniambia kuwa pesa zote zingeishia kwenye rangi na sinki mpya ya jikoni, kwa kuwa ile iliyokuwapo ilikuwa na ufa.

Ufa huo niliukuta. Siku niliyokabidhiwa funguo, kabla sijaingiza hata godoro, nilipiga picha za kuta, milango, choo, sinki na mita ya maji, nikamtumia msimamizi kwa WhatsApp pamoja na maneno haya: "Hivi ndivyo nilivyoikuta nyumba." Alijibu "Sawa" tu, na jibu hilo lenye tarehe ndilo lililoninusuru miaka mitatu baadaye, kwa sababu asingeweza tena kudai kuwa sinki niliivunja mimi. Mpangaji asiye na picha za siku ya kuingia hubaki kubishana kwa mdomo, na anayeshikilia pesa hana haraka ya kumaliza ubishi.

Suala la rangi lilikuwa tofauti, kwani mkataba niliotia sahihi ulinitaka niiache nyumba ikiwa imepakwa upya. Sikulipinga, nilichoomba ni risiti ya rangi na ya fundi.

Wapo wanaoamua "kuila" amana kwa kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho. Ninaielewa hofu yao, lakini siwashauri wengine wafanye hivyo, kwa maana kodi isiyolipwa ni deni, na sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kumtuma dalali wa mnada mwenye leseni akamate vyombo vya mpangaji.

Wiki tatu zilipopita bila jibu, niliandika barua ya madai yenye kiasi ninachodai, tarehe niliyohama na nakala za ujumbe wa M-Pesa, nikampa mwenye nyumba siku 14. Nilimweleza kwamba baada ya hapo ningekwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, humruhusu mdai kujiwakilisha bila wakili, na hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Niliiandika kwa heshima, bila tusi wala kejeli, nikijua kwamba huenda hakimu angeisoma.

Siku ya tisa alinipigia simu mwenyewe. Alinitumia risiti za rangi na fundi za shilingi 4,500, na jioni hiyo hiyo nikapokea 12,500 zilizobaki.